Shangazi, nicheze na wanawake wenzangu au nibaki na wanaume?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Tudor hapa Mombasa pamoja na mama yangu, na nafanya kazi ya uhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Chesi nilijifunza shuleni, nikaiacha, kisha nikairudia nilipopata kazi. Sasa niko katika klabu inayokutana Jumanne na Ijumaa jioni kwenye ukumbi wa shule. Huwa tunakuwa watu kama ishirini, na mwanamke anayefika kila wiki ni mimi peke yangu. Wasichana wa shule huja wawili watatu, wakakaa mwezi mmoja, halafu hatuwaoni tena.

Alama zangu za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ni 1600. Katika timu yetu ya ligi nakalia bodi ya nne, yaani meza ya mchezaji wa nne wa timu, na sikupewa kwa huruma, niliishindania.

Kuna mashindano ya wikendi Nairobi hivi karibuni, raundi sita, dakika 90 kila mtu na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Kuna kitengo cha wazi na kitengo cha wanawake. Vinachezwa kwa wakati mmoja, kwa hivyo lazima uchague. Mimi nataka cha wazi. Mwenyekiti wetu anataka nicheze cha wanawake. Anasema huko nitashinda kwa urahisi, klabu italeta kombe Mombasa, na mshindi anapewa shilingi 20,000. Kwenye kitengo cha wazi, anasema, nitakuwa namba arobaini na kitu na nitarudi mikono mitupu. Nilipomwambia labda safari hii nicheze wazi na nyingine nicheze na wanawake, akanijibu kuwa mshika mawili moja humponyoka. Mwenzetu mwingine akaniambia alama za kitengo cha wanawake huhesabiwa kivyake, hata nikifungwa haitanidhuru kwenye ligi. Sijui kama ni kweli.

Kwa upande mwingine, nikicheza cha wanawake najua wale wa Jumanne watasema nimekimbia. Tayari wapo wanaonitafutia sababu. Kuna mzee mmoja kila nikimshinda husema, "Leo nimekuachia." Mwingine husimama nyuma ya kiti changu mchezo ukiendelea, "hapo farasi, hapo farasi." Mchezo ukiisha, hata kama nimeshinda mimi, wanakusanyika kumwonyesha mpinzani wangu alipokosea, mimi siulizwi kitu. Na kuna mmoja hunitumia meseji za WhatsApp saa tano usiku eti uchambuzi wa mchezo, kisha uchambuzi unageuka mambo mengine. Hilo nimelizoea, si tatizo kubwa.

Jambo jingine ni kwamba mwenyekiti ametangaza mbele ya watu kuwa kuanzia mwezi ujao kutakuwa na kikao cha wanawake kila Jumamosi alasiri, na mimi ndiye nitakayekiongoza. Hakuniuliza. Watu wakapiga makofi. Wale wasichana nawapenda na sitaki nionekane najiona. Lakini Jumamosi ndiyo siku yangu ya mazoezi, na nimesikia Jumanne itabaki kuwa ya "timu ya kwanza". Nahofia nikishafanywa mama wa Jumamosi, bodi ya nne itapewa mtu mwingine kimyakimya. Na mama naye nyumbani analalamika ninavyorudi saa nne usiku.

Kusema kweli, nikicheza na wanaume natafuta sare mno. Pengine mwenyekiti ameona nisichokiona, na mahali pangu ni kule kwa wanawake. Nishauri.

Mwenye Kete Nyeusi, Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza ucheze kitengo gani Nairobi, lakini swali hilo ni dogo kuliko barua yenyewe. Ndani yake kuna mambo manne: kitengo, namna wenzako wanavyokutendea ukumbini, kikao cha Jumamosi ulichotwikwa bila kuulizwa, na saa za kurudi nyumbani. Mwenyekiti ameyaunganisha yote kwa wazo moja, kwamba wewe ni mchezaji wa wanawake, nawe umeanza kulijibu wazo hilo badala ya kulijibu kila jambo peke yake. Naona kila moja lina jibu lake, na jibu la moja halifungi la jingine. Unaweza kwenda Nairobi ukacheza na wanawake na bado ukakataa kuongoza Jumamosi. Unaweza pia kucheza kitengo cha wazi na Jumamosi ukaenda kwa hiari yako.

Nianze na hilo la alama, maana halina ubishi. Uliyoambiwa si kweli. FIDE huweka hesabu moja ya alama za michezo mirefu kwa kila mchezaji, na mchezo na mwanamke au na mwanamume huingia kapu lile lile. Orodha ya wanawake unayoiona ni orodha kuu iliyochujwa tu. Ukifungwa kwenye kitengo cha wanawake, utarudi kwenye ligi na alama zilizopungua.

Sasa shika kalamu. Wewe ni mhasibu, hii utaipenda. Mtu mzima aliyekwisha kucheza michezo 30 ya kuhesabiwa na hajawahi kufika 2400, tofauti kati ya pointi alizopata na alizotarajiwa kupata huzidishwa kwa 20. Ukikutana na mchezaji wa 1800, jedwali linakutarajia upate 0.24 ya pointi. Ukifungwa unapoteza alama 4.8, ukitoka sare unaongeza 5.2, ukishinda unaongeza 15.2. Geuza upande. Ukikutana na mchezaji wa 1450, unatarajiwa upate 0.70. Ukishinda unapata 6 tu, sare inakutoa 4, na kufungwa kunakutoa 14.

Ipeleke hesabu hiyo hadi raundi sita. Tuseme kwenye kitengo cha wazi wapinzani wako wote wako karibu na 1800 na umepata pointi 2 kati ya 6. Ulitarajiwa 1.44, kwa hivyo unarudi Mombasa na alama kama 11 za ziada. Tuseme kwenye kitengo cha wanawake wapinzani wako ni wa 1450 na umepata 4 kati ya 6, matokeo ambayo klabu nzima ingekupongeza. Ulitarajiwa 4.2, kwa hivyo umepoteza alama 4. Ungepata 5 ungeongeza 16. Hiyo "mikono mitupu" ya mwenyekiti na hilo kombe lake vinaweza kusomeka kinyume kabisa orodha ya mwezi unaofuata ikitoka.

Usishangilie mapema lakini. Mashindano haya hupangwa kwa mfumo wa Kiswisi, yaani kila raundi unapangwa na mwenye pointi kama zako, na mfumo huo hautakupa watu wa 1800 raundi zote sita. Raundi ya kwanza orodha, iliyopangwa kwa alama, hukatwa katikati, wa juu wa nusu ya kwanza akapangwa na wa juu wa nusu ya pili. Kama wamejiandikisha 80 na wewe ni namba 44, utaanza na namba 4, mmoja wa wenye nguvu kabisa ukumbini. Ukifungwa unashuka kwenye kundi la wasio na pointi, na huko unaweza kukutana na namba 64 au karibu yake, ambaye pengine hana alama kabisa. Mchezo na asiye na alama hauhesabiwi kwenye alama zako, ukishinda au ukifungwa, na baadhi yao ni vijana wa shule waliokomaa kwa kucheza mtandaoni usiku kucha. Ukishinda unapandishwa tena kwa mkubwa. Kwa nafasi yako, kitengo cha wazi mara nyingi huwa ni kupanda na kushuka hivyo hadi mwisho. Michezo mizuri utaipata, lakini huenda ikawa mitatu, si sita, na safari ya treni na malazi utakuwa umelipia sita.

Na kitengo cha wanawake, nani amekwambia ni lelemama? Umeiona orodha ya waliojiandikisha? Ukiwa namba 3 kati ya 20, raundi ya kwanza utapewa namba 13, lakini katika uwanja mdogo hivyo wenye raundi sita, walio juu hawana pa kukwepana. Kuanzia raundi ya tatu utaanza kukutana na walio juu yako, na kama wana 1750, unatarajiwa 0.30 ya pointi dhidi ya kila mmoja. Anayekuahidi kombe kabla ya kuona majina anakupima wewe tu, hao wengine hajawapima. Kuna jambo la kupendeza ndani yake hata hivyo: huenda ukapata michezo migumu mfululizo kwenye meza za mbele, yenye presha ya kuongoza, na presha hiyo ni somo ambalo namba 44 wa kitengo cha wazi halipati.

Sijui kama lengo lako linafika mbali zaidi ya ligi. Kama kuna siku unataka kuvaa jezi ya Kenya, swali la kitengo linabadilika sura. Timu ya wanawake ya Olimpiadi ya chesi ina wachezaji wanne na mmoja wa akiba, na kila shirikisho hujiwekea namna ya kuwachagua. Waandikie Chess Kenya, uliza mashindano gani huhesabiwa katika uteuzi wa wanawake, na uombe jibu kwa maandishi. Jibu hilo lina uzito kuliko hizo 20,000. Taji la FIDE, yaani cheo cha mchezaji, halipatikani kwa kombe la wikendi: la chini kabisa la wanawake, WCM, linataka alama 2000, linalofuata 2100, ama matokeo maalumu katika mashindano kama ya Afrika au Olimpiadi. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alipata WCM kwa njia hiyo, akiwa na timu ya wanawake ya Uganda kule Istanbul mwaka 2012.

Kuhusu kombe na fedha, nina swali ambalo hukulitaja: nani analipa nauli, malazi na kiingilio? Kama ni klabu, basi mwenyekiti ana sauti, na ni haki kumsikiliza. Kama ni mshahara wako, yeye ana maoni.

Ile methali yake nayo nisiiache ipite. Vera Menchik alitwaa ubingwa wa dunia wa wanawake London mwaka 1927 na akabaki nao hadi alipouawa na kombora la Wajerumani mwaka 1944. Miaka hiyo hiyo alikuwa akikaa meza moja na wanaume wakubwa wa enzi yake. Kule Karlsbad mwaka 1929, Albert Becker wa Austria alitania kwamba yeyote atakayefungwa na Menchik aandikishwe katika klabu yenye jina la mwanamke huyo. Mwanachama wa kwanza akawa Becker mwenyewe. Baadaye aliingia hata Max Euwe, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1935. Watu humtaja Judit Polgar kama ushahidi wa kucheza wazi peke yake, na ni kweli hakugombea ubingwa wa dunia wa wanawake, akafika alama 2735 mwaka 2005 na kuwa miongoni mwa wanane wa juu duniani. Lakini mwaka 1988 na 1990 yeye na dada zake walileta dhahabu ya Olimpiadi wakiwa timu ya wanawake ya Hungaria. Dada yake Susan alipata ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha chesi, mwaka 1991 kwa masharti yale yale ya wanaume, na mwaka 1996 akachukua ubingwa wa wanawake. Sikutajii hawa ili ujilinganishe nao. Ninachokuonyesha ni kwamba mikono miwili hushika mawili, na kalenda ya chesi ina wikendi nyingi.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoitupa mwishoni, kwamba unatafuta sare mno ukicheza na wanaume. Umeigeuza kuwa ushahidi dhidi yako kabla hujaikagua. Ushahidi wenyewe unao nyumbani. Kanuni zinataka kila sare inayoombwa iandikwe kwenye karatasi ya hatua kwa alama ya (=). Toa karatasi zako za msimu uliopita, tafuta kila (=), na pembeni yake andika vitu vinne: nani aliomba, hatua ya ngapi, saa ya kila mmoja ilibakiza dakika ngapi, na wewe mwenyewe uliona nani yuko vizuri wakati ule. Kompyuta ije baadaye, usiianze nayo, kwa sababu tunatafuta ulichokiamini pale mezani. Halafu zipange: dhidi ya wanaume, dhidi ya wanawake, dhidi ya wenye alama za juu, dhidi ya wa chini yako.

Ukikuta unaomba sare ukiwa umebanwa au saa imekaribia kuisha, huo ni ujanja halali wa mchezo na hauna uhusiano na uke wako. Ongeza mazoezi ya mwisho wa mchezo, hasa wa ngome na askari, maana ndiko watu wa kiwango chako humwagia pointi nyingi. Ukikuta unaomba ukiwa na nafasi nzuri, na tena dhidi ya wanaume tu, hapo kuna kitu kingine. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa jozi 42 za wanaume na wanawake wenye nguvu sawa, waliocheza kupitia intaneti. Wanawake walipojua mpinzani ni mwanamume, matokeo yao yalishuka sana na wakacheza kwa kujihami. Walipodanganywa kwamba mpinzani ni mwanamke, walicheza sawa naye, na mtu aliyekuwa upande wa pili ni yule yule mwanamume. Utafiti mmoja mdogo hauwezi kukueleza wewe ni nani. Unaweza kukuonyesha tu kwamba kutafuta sare si lazima iwe kipimo cha uwezo.

Ukitaka kujijaribu, michezo ya Ijumaa isiyo ya ligi inafaa: jiwekee kutoomba sare kabla ya hatua ya 30 kwa miezi miwili. Ujue kuna michezo utapoteza ambayo ungeiokoa, na yule mzee atafurahi. Hiyo ndiyo gharama yake, na wewe ndiwe utakayeamua kama unaimudu sasa hivi, na maneno mengine yote unayoyasikia.

Maneno hayo nayo hayana uzito mmoja. "Leo nimekuachia" halina kifungu cha sheria. Ni mtu anajipoza. Unaweza kumjibu kwa kupanga kete upya na kusema, "Haya, tuanze tena." Unaweza pia kunyamaza. "Hapo farasi" ni jambo tofauti. Mtazamaji haruhusiwi kusema chochote kuhusu mchezo unaoendelea, hata akikusaidia wewe, na katika ligi mpinzani wako angeweza kulalamika kwamba umepewa hatua. Simamisha saa, inua mkono, mwite mwamuzi, useme neno moja tu: "Anaongea." Mwamuzi anaweza kumwondoa ukumbini. Shida ya klabu nyingi ni kwamba Jumanne hakuna mwamuzi. Pendekeza kila jioni mtu mmoja asiyecheza raundi hiyo atajwe kuwa mwamuzi na jina lake liandikwe ubaoni. Si lazima useme ni kwa ajili yako; kila mchezaji aliyewahi kusimamiwa nyuma atakuunga mkono.

Kuhusu uchambuzi baada ya mchezo, nina shaka kidogo na tafsiri yako. Inawezekana wanakutenga. Inawezekana pia ni kawaida ya klabu kumzunguka aliyefungwa, na hata wewe, mwenzako akifungwa, humzunguka. Lipime. Mchezo ukiisha, kabla hawajafika, chukua karatasi yako, rudisha kete kwenye hatua uliyoona mambo yalipogeuka, na umuulize mpinzani, "Hapa ulitaka kucheza nini?" Aliyeshika karatasi na kuuliza swali la kwanza ndiye anayeongoza mazungumzo. Wakikupita hata hapo, utakuwa umepata jibu.

Hizo meseji za saa tano usiku ndizo zilizonikalisha. Umeandika umezoea. Mtu huzoea pia kiatu kinachombana, mwanangu. Sitakuambia ufanye nini maana simjui huyo mtu wala cheo chake, nawe ndiye utakayekaa naye chumba kimoja. Njia zipo. Moja ni kumwandikia mara moja, kwa ufupi, kwamba uchambuzi mtafanya Jumanne ukumbini na meseji za usiku hutaki. Maandishi hayo yana faida kwamba baadaye hawezi kusema hakujua. Nyingine ni kumzuia kimyakimya, ambayo ni rahisi lakini haiachi kumbukumbu yoyote. Ya tatu ni kumwambia mtu wa kamati. Hapo hatari ni uvumi, hasa kama wote ni marafiki zake. Lolote utakalochagua, usifute meseji. Na hauko peke yako: Agosti 2023 wanawake zaidi ya 100 wa chesi, harakati iliyoanzia Ufaransa, walitia sahihi barua ya wazi kuhusu unyanyasaji wa aina hii katika mchezo huu.

Kuna swali moja hapa ambalo naomba usiliruke. Wale wasichana wa shule huja, hukaa mwezi mmoja, kisha hupotea. Je, namba zao ziko kwenye kundi la WhatsApp la klabu? Kuna mtu anayewaandikia usiku? Simtuhumu yeyote. Huenda wanaondoka kwa sababu ya mitihani, au nauli, au kwa sababu msichana wa miaka kumi na mitano hataki kukaa saa tatu kati ya wanaume ishirini bila mwenzake wa rika. Lakini hakuna aliyewauliza, hata wewe. Waulize. Jibu likiwa ni meseji, hapo si suala la klabu tena: wazazi na shule wajue siku hiyo hiyo, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.

Hapo ndipo tunapofika kwenye Jumamosi. Kikao cha wanawake kinaweza kuwa kitu kizuri sana. Msichana anayeanza hupata watu wa kiwango chake, hupoteza bila kuchekwa, na hurudi wiki inayofuata. Kinaweza pia kuwa kona ya kuwawekea wanawake ili Jumanne ibaki ilivyo. Tofauti yake huonekana katika mambo madogo: nani ana ufunguo wa ukumbi, nani anabeba mbao na saa, kama saa nzuri zinabaki kabatini kwa ajili ya timu, kama Jumamosi kuna michezo ya kuandika hatua na jedwali la pointi au ni masomo tu, na kama msichana akifikia kiwango fulani ana njia ya kuingia Jumanne. Wakiingia, waingie wawili au watatu kwa pamoja. Mmoja mmoja watapotea kama waliotangulia.

Wewe kuongoza si lazima kuwe kila wiki, na si lazima kuwe wewe. Unaweza kukubali wiki nane kisha mkae muitathmini. Unaweza kukubali Jumamosi moja kati ya mbili, nyingine aichukue mwanamume anayejua kufundisha na asiyekaa peke yake na watoto. Unaweza kukataa kabisa, na kukataa huko hakuwi kuwatupa wasichana. Msichana anayekuona bodi ya nne siku ya ligi amekwisha kufundishwa kitu. Hatari ya kukubali ni kwamba uongozi ukishazoeleka hauna mwisho, na mazoezi yako ndiyo yatakayolipa. Hatari ya kukataa ni kwamba kikao kitafunguliwa na mtu asiyekijali, kife mwezi wa pili, kisha isemwe wanawake hawapendi chesi.

Hofu yako ya bodi ya nne inaweza kupimwa kwa swali moja kwa mwenyekiti, uliandike kwenye kundi ambapo kila mtu anasoma: "Timu ya ligi msimu ujao itachaguliwa kwa kigezo gani?" Akisema ni alama, au matokeo ya ligi ya ndani, umepata pa kushika. Akikwepa, umejua pia. Na chunguza kama hofu hiyo imetokana na alichosema yeye au na ulichosikia pembeni. Umeandika "nimesikia" bila kutaja kutoka kwa nani.

Mama naye ana hoja ya dakika. Mchezo wa dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30, ukifika hatua 60, huchukua saa nne. Mkianza saa kumi na mbili jioni mnamaliza saa nne usiku, hata asipokosea mtu. Kwa dakika 60 na nyongeza ile ile, saa tatu zinatosha, na bado mchezo unakubalika kwa alama za FIDE hata mmoja wenu akiwa na 1800. Mkianza saa kumi na moja na nusu utakuwa umetoka saa mbili na nusu. Wanaume wenye watoto nyumbani watakushukuru pia, ingawa huenda wasiseme.

Kuhusu Nairobi, kabla hujalipa kiingilio tafuta orodha za waliojiandikisha katika vitengo vyote viwili, jipange mwenyewe kwenye kila moja, na uandike wapinzani wako wa raundi ya kwanza na ya pili kama nilivyokuonyesha. Kisha uliza tarehe ya mwisho ya kubadilisha kitengo. Waandaaji wengine huruhusu hadi mkutano wa ufundi kabla ya raundi ya kwanza, wengine hufunga mapema. Ukipata orodha hizo na jibu la Chess Kenya, niandikie tena uniambie umeona nini, hasa kwenye zile (=).

Shangazi